Indiketa ya Kushoto

9 Machi

Daktari wa hospitali aliniagiza niwe naandika jinsi mume wangu anavyoendelea baada ya kiharusi: amekula nini, amelala vipi, mkono wa kushoto umefanya nini. Leo amekula vizuri, amelala mchana, mkono haukufanya kitu. Hayo ndiyo ya daktari. Yanayofuata ni yangu mwenyewe, kwa sababu mvua imeanza na sina pa kwenda.

Imeanza alasiri bila ngurumo, kwa sauti ya mchele unaopepetwa juu ya bati. Bwana Mifugo alikuwa barazani, akakataa kuingia ndani mpaka suruali ilipolowa magotini. Watu wote wa hapa humwita Bwana Mifugo, pamoja na mimi mkewe, ingawa ni zamani alipostaafu kutibu ng'ombe wa watu. Naye huniita Opereta, kwa kuwa ujanani nilikuwa nikiunganisha simu ofisini. Watoto wetu walikua wakidhani hayo ndiyo majina tuliyozaliwa nayo.

Binti yetu mkubwa amepiga simu. Mvua zikiisha anakuja kutuchukua tukaishi kwake. Hakuuliza, amesema. Chumba kipo, hospitali iko karibu, ngazi hakuna. Nikamjibu tutaona. Akasema, Mama, hakuna cha kuona. Tangu utotoni ana sauti ya mwalimu wa zamu.

Nilipomweleza Bwana Mifugo, aliuliza, "Na pikipiki?"

10 Machi

Mvua. Amekula nusu sahani. Mpira wa kufinya aliopewa kwa mazoezi nimeukuta chini ya kitanda. Mkono, hakuna.

13 Machi

Nesi wa zahanati amekuja kumpima presha Bwana Mifugo, na alipomaliza akaniomba aione pikipiki. Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe Bwana Mifugo alishamwambia tangu wiki jana kwamba inatafuta mwenyewe mpya. Mimi mkewe nimepewa habari za nyumba yangu na mgeni.

Huyu Nesi ni binti mdogo, rika la kitinda mimba wetu, na viatu vyake kwa tope hujui ni vyeusi au vya kahawia. Anawazungukia wagonjwa wa majumbani kwa miguu. Tulifungua stoo pamoja, tukavuta turubai. Ilikuwa pale pale, wekundu umefifia ukawa wa tofali, sanduku la dawa la mabati bado limefungwa nyuma, na harufu ile ile ya petroli, ngozi ya kiti na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilibaki mlangoni nikamwacha Nesi aingie peke yake. Harufu ilinirudisha mbali mno, kwenye jioni nilizokuwa nikianza kupakua chakula kwa kusikia mlio wake ukikata kona ya kisima.

Nesi hakuwa na maneno mengi. Ataichukua mvua zikipungua, ila kwa sharti moja: indiketa zote ziwake. Barabara kuu ina malori, na kwenye mvua dereva haoni pua yake. Anataka aliye nyuma yake ajue anakata wapi.

Bwana Mifugo, ambaye tangu augue hujibu watu kwa kichwa tu, alimjibu kwa mdomo, pole pole, ili ulimi usimwangushe.

"Zitawaka. Nipe muda."

Nikamtazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie.

15 Machi

Fundi wa pikipiki wa njia panda, ambaye sote tunamwita Kesho kwa sababu zinazojulikana, leo amekuja leo. Amesafisha kabureta, amebadilisha plagi, ametuletea betri iliyojaa moto. Alipopiga teke mara ya tatu injini ikaitika, na kuku wote wakahama uwanja.

Kwenye nyaya ndipo ufundi ulipomshinda. Alifungua kifuniko cha taa ya mbele, akaona lile fundo la rangi zote, akakirudisha haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Ushauri wake ni kung'oa kila waya na kufunga mpya. Atakuja kesho.

Alipoondoka Bwana Mifugo akasema haung'olewi waya hata mmoja, tutatafuta ubovu wenyewe. Nikamuuliza sisi ni akina nani. Akaninyooshea kidevu.

18 Machi

Tumeisogeza pikipiki barazani isinyeshewe, Nesi akinisaidia kusukuma. Nilidhani Bwana Mifugo atakaa kwenye kiti chake na kunielekeza. Akasema hapana, yeye anakaa juu. Nikamvusha mguu kama ninavyomvusha kuingia bafuni, nikamweka mkono wa kushoto kwenye usukani, vidole kimoja kimoja. Akakaa wima. Sikuwa nimemwona amekaa wima tangu mwaka jana.

Kazi tumeigawa. Yeye anabonyeza swichi na kutoa amri, mimi nasimama nyuma kuangalia taa, na nikiambiwa nipekue ninapekua. Honi inalia, kwa hiyo betri na fyuzi havina neno. Indiketa zote nne zimekufa. Akanielekeza nifungue kifuniko cha ubavuni, pale kuna kibati kidogo kama kiberiti, ndiyo flasha, kinachozifanya taa zipepese. Nikaichomoa, nikaziunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya. Indiketa ya kulia ya mbele ikawaka, ikatukodolea jicho bila kupepesa. Umeme unafika, basi. Flasha ndiyo iliyokufa.

Nilifurahi kupita kiasi cha jambo lenyewe. Ujanani kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo: unachomeka hapa, unasikiliza, kama kimya unachomoa na kujaribu pale, mpaka upate laini iliyo hai. Na yeye ndiye aliyekuwa mteja wangu msumbufu kuliko wote. Alikuwa akipiga kutoka kituo chake cha mifugo akitaka aunganishwe makao makuu, nikimuunganisha anasema amesahau alichotaka. Kesho yake tena. Wenzangu wakawa wanakohoa kila wakisikia sauti yake. Siku moja nikamuuliza kama ng'ombe wake wana shida gani hasa. Akasema ng'ombe ni wazima, mwenye shida ni yeye.

Nimemkumbusha leo. Amesema hakumbuki, lakini mdomo ulipinda upande mmoja, na kwa uso wake wa sasa hicho ni kicheko kizima.

19 Machi

Mvua mchana kutwa. Duka la vipuri limefungwa.

22 Machi

Flasha mpya imepatikana. Nilipoichomeka na kumwambia awashe, ikalia: taka, taka, taka.

Sikujua kwamba nilikuwa nimeukosa mlio huo. Kila alipokuwa akirudi alikuwa akiwasha indiketa ya kuingilia getini hata kama barabara nzima hakuna mbuzi wala mtu. Jirani walimcheka. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa nausikia mlio huo injini ikishazimwa, sekunde chache kabla hajaondoa ufunguo, na ndipo moyo ulipokuwa unakaa mahali pake. Amefika.

Bwana Mifugo alisema hii mpya inalia kwa sauti nyembamba, haina kifua. Lakini aliiacha ilie mpaka nikamwambia atamaliza betri.

25 Machi

Kulia inapepesa mbio mbio, ya nyuma haiwaki kabisa. Amesema ikikimbia hivyo ujue taa moja imeshindwa kuvuta sehemu yake. Nimebadilisha balbu. Bado.

27 Machi

Leo tumetengeneza taa ya kupimia: balbu ndogo yenye nyaya mbili. Umeme unafika kwenye balbu ya nyuma, lakini hauna njia ya kurudi. Nati inayoshika taa kwenye chuma imeliwa na kutu. Nikaipiga msasa mpaka ikang'aa, nikakaza. Kulia mbele na nyuma zikaanza kwenda pamoja, kwa utulivu, kama watu wawili wanaojuana mwendo.

Nilipiga makofi peke yangu. Bwana Mifugo akasema kwamba nimechelewa kuajiriwa.

Upande wa kushoto, hakuna.

31 Machi

Kushoto, hakuna. Tunaendelea.

Wakati nikifungua taa amenihadithia habari ambayo nilikuwemo. Mwaka ule wa mvua kubwa indiketa ziliharibika na vipuri havikuwepo kokote, nami nilikuwa na mimba ya binti yetu mkubwa, naye akinipeleka kliniki kila mwezi. Nikawa nimegeuka indiketa: yeye akisema "kushoto" nanyoosha mkono wa kushoto, akisema "kulia" nanyoosha wa kulia, mwavuli nikiuhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Siku moja tukagombana njiani, nami kwa hasira nikanyoosha mkono wa kulia naye anakata kushoto. Dereva wa lori nyuma yetu alitutukana matusi ambayo sijayasikia tena. Tukasimama kando, tukatazamana, tukacheka mpaka nikaogopa kujifungua hapo hapo.

Alihadithia yote, mwanzo mpaka mwisho. Ulimi ulimkwama mara kwa mara na kila mara aliungoja, akaendelea. Hajazungumza kwa muda mrefu hivyo tangu augue. Nimeandika upande wa daktari pia.

3 Aprili

Binti yetu amepiga. Ameuliza mara moja kama nimeanza kufungasha. Nilitaka kumjibu vibaya. Nimekaa na hasira naye tangu mvua zianze; kichwani kwangu amekuwa mtu wa kuagiza tu, kana kwamba sisi ni makabati. Badala yake nikamwambia tunatengeneza indiketa za pikipiki.

Kwa sauti nyingine kabisa akaomba asikie.

Nikaipeleka simu barazani, nikaishikilia karibu na kifuniko cha ubavuni, Bwana Mifugo akawasha ya kulia. Taka, taka, taka. Tukaiacha ilie. Nilipoirudisha simu sikioni alikuwa analia. Anasema alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akimkalisha mbele juu ya tangi kumpeleka shule, na akilia njiani kwamba hataki shule, baba yake husimama kando, huwasha indiketa, na kumwambia wataondoka ikishapepesa mara kumi. Yeye alikuwa akihesabu vibaya makusudi ili wakae zaidi. Sikuwahi kulijua hilo. Walikuwa na ulimwengu wao huko barabarani, mimi nikiwa ofisini nachomeka nyaya.

Akaniambia, "Mama, siwezi kulala nikijua mko peke yenu na mvua hiyo."

Hakuisema kama amri. Labda hata zile nyingine hazikuwa amri, masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yamejikunja.

7 Aprili

Kushoto, hakuna. Amekula vizuri.

10 Aprili

Tumepata. Nyaya zinapopita kwenye shingo ya usukani mmoja ulikuwa umebanwa kwa miaka mpaka ukakatika ndani ya ngozi yake. Kwa nje ni mzima, kwa ndani hakuna kitu. Nimeuchuna, nimeuunga, nimeuzungushia utepe. Nikabonyeza mwenyewe kwenda kushoto: taka, taka. Mbele na nyuma.

Bwana Mifugo akasema sasa ashike yeye. Nikamvusha mguu, nikaenda nyuma. Haikuwaka. "Nimewasha," akasema. Haikuwaka. Baadaye ikawaka mara moja, kisha basi.

12 Aprili

Kushoto: mimi nikibonyeza inawaka. Yeye akikaa juu haiwaki, au inawaka na kuacha. Tumeafikiana kwamba ni uzito: akikaa kiti kinashuka na kubana waya mahali. Kesho nafungua kiti.

14 Aprili

Nimefungua kiti. Nyaya zote nzima. Nimezihamisha hata hivyo, nikazifunga mbali na chuma. Kushoto, mara mbili kati ya nyingi.

17 Aprili

Mvua kubwa yenye upepo. Bati la stoo limefunuka, bahati nzuri pikipiki haikuwemo. Nimeweka masufuria manne chumbani, kila moja na sauti yake. Bwana Mifugo amesema tufungue bendi.

18 Aprili

Kushoto, hakuna. Yeye amenuna, nami nimenuna. Amesema labda siangalii vizuri. Nimemwambia nilipokuwa nikiangalia laini mia kwa zamu hakuna aliyelalamika. Chakula tumekula kila mtu anatazama sahani yake.

21 Aprili

Nimefungua tena kila kiungo. Fundi Kesho amepita njiani, amesimama chini ya mwavuli wake, ametikisa kichwa, amesema angekuwa ameshang'oa zote. Kushoto, hakuna.

24 Aprili

Leo mvua ilipumzika, Nesi akaja kujaribu pikipiki. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba asubiri, kwamba akikaa mtu juu kuna waya unabanwa. Kabla sijayatoa alishapanda. Ni binti wa mwili, si mwepesi. Akajiinua, akajibwaga kitini, akageuza usukani huku na huku, akabonyeza kushoto.

Taka, taka, taka.

Akazima, akawasha. Ikawaka. Akaenda nayo mpaka kisimani na kurudi, akiwasha kushoto na kulia kama anacheza, na kila mara iliwaka. Akatushukuru. Akasema hajaona wazee wanaojua kazi namna hii. Ataichukua mwezi ujao barabara zikikauka.

Nilikuwa nimesimama nyuma, mahali pangu. Nikajua. Nilijua palepale na nikatamani nisijue. Sikuthubutu kumtazama Bwana Mifugo. Nikamuuliza Nesi habari za mama yake, nikamuuliza habari za zahanati, nikamtafutia mwavuli ambao hakuuhitaji. Alipoondoka nikageuka. Bwana Mifugo alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, na aliendelea kuutazama mpaka giza likaingia na nikamwambia twende ndani.

25 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi hakutaka chai. Aliomba nimsaidie apande. Nikasema pikipiki imepona, tuiache ipumzike. Akasema nimsaidie apande. Nikamvusha mguu, nikamwekea vidole kwenye usukani kimoja kimoja, kama kila siku, kisha nikaanza kwenda nyuma. Akanizuia.

"Usiende nyuma leo. Simama hapa mbele yangu. Usiangalie taa, angalia kidole gumba."

Nikasimama mbele yake.

"Nabonyeza sasa," akasema.

Kidole hakikutikisika. Kilikuwa kimelala kando ya swichi, karibu kabisa, kama mtu aliyelala mlangoni pa nyumba yake.

"Sasa hivi nimebonyeza," akasema. "Nakisikia kabisa. Nasikia swichi inasogea. Inawaka?"

Nilitaka kumwambia inawaka. Mungu anisamehe, neno lilishafika mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa ule wa zamani, niliouona siku nilipomfuata zizini, ameweka sikio ubavuni mwa ng'ombe wa mtu na mwenye ng'ombe anangoja. Huo si uso wa kudanganywa.

"Hakijasogea," nikamwambia.

Akafumba macho. Akauliza kimefika wapi. Nikamweleza: kipo kando ya swichi, upana wa punje ya mahindi, hakijaigusa. Akauliza kama kuna hata mtetemo. Nikainama mpaka pumzi yangu ikamgusa mkono. Mtetemo upo, mdogo, kwenye kiungo cha chini. Akasema vizuri. Akajaribu indiketa ya kulia: ile aliiweza, kwa sababu kwa kulia unaisukuma kwa uzito wa kiganja kizima. Kushoto inabidi kidole peke yake kijikunje na kuivuta.

Basi ilikuwa hivyo. Mara zile chache ilipowaka, ni kidole kilichoteleza kikaangukia swichi chenyewe. Siku zote hizo nimefungua kiti, nimechuna nyaya nzima, nimenuna, na waya uliokatika haukuwa kwenye pikipiki. Kwa nje ni mzima, kwa ndani ujumbe hauvuki. Naye hakuwa ananificha. Alikuwa anabonyeza kwa nia yake yote na anajisikia amebonyeza.

"Wiki zote hizi," akasema, "nilidhani naendesha."

Hapo ndipo alipolia. Nimekaa naye miaka yote hii, nilimwona akizika wazazi wake wawili, hakulia namna hiyo. Nilimkumbatia akiwa juu ya pikipiki, tangi likiniumiza ubavu, na mvua ikaanza tena. Hatukuingia ndani. Nilimwambia kwamba mimi pia nilidhani anaendesha. Ni kweli. Kila nilipokuwa nyuma yake nikitazama mgongo ule, nilikuwa nimesahau kwamba anaumwa. Nadhani ndiyo sababu sikuutazama mkono.

26 Aprili

Hajatoka chumbani. Amekula vijiko viwili.

27 Aprili

Mvua. Hajatoka. Binti yetu amepiga, nimemwambia baba yake amelala. Akasema, Mama, nakujua unapodanganya. Nikamweleza yote. Hakusema jambo lolote la chumba wala hospitali. Aliuliza kama nimekula mimi.

29 Aprili

Ameamka kabla yangu. Nimemkuta mlangoni kwenye fimbo yake, anatazama barazani. Amesema ng'ombe akianguka zizini humwachi siku tatu, nyama ya mguu inakufa. Siku ya kwanza unamgeuza, siku ya pili unamgeuza, hata kama anakupiga mateke. Nikamuuliza anataka nini. Akasema nimgeuze.

Nimemvusha mguu. Nimesimama mbele.

Kushoto, hakuna.

30 Aprili

Kushoto, hakuna. Mtetemo umeonekana hata bila miwani.

2 Mei

Hakuna. Lakini kidole kimegusa swichi. Nimemwambia kimegusa, akasema hakusikia. Tumeshangaa wote wawili jinsi mambo yalivyogeuka: siku zile alikuwa anasikia na hakigusi.

4 Mei

Kimegusa mara nyingi. Kikigusa nasema "laini iko hai", kama ofisini. Anasema nimekuwa kero.

5 Mei

Amekasirika, ameutupa mpira wa mazoezi mpaka kwenye mihogo. Ameutupa kwa mkono wa kulia. Nimeenda kuuokota. Tumerudi barazani.

8 Mei

Mvua inapungua, inakuja jioni tu. Kushoto, hakuna.

11 Mei

Saa za asubuhi, nikiwa nimeinama mbele yake kama kawaida, kidole kilijikunja, kikaishika swichi, kikaivuta. Kilikwenda taratibu mno hata nikaona kila hatua yake. Taka, taka, taka.

Hatukupiga makofi. Tuliogopa kuishtua. Akaizima, akapumzika, akajaribu tena. Hakuna. Tena, hakuna. Tena: taka, taka.

Kisha akaushusha mkono huo huo, akaanza kuhangaika na kifungo cha juu cha shati lake. Ulipita muda mrefu. Nilijizuia kumsaidia mpaka nikang'ata ulimi. Kifungo kiliingia kwenye tundu.

14 Mei

Vifungo viwili.

16 Mei

Leo tumezungumza habari ya kuhama, mimi na yeye, bila simu. Nilitegemea aseme haendi. Nilikuwa nimeshajipanga kusimama upande wake. Akasema twende. Anasema hofu yake ilikuwa kupelekwa. Sasa anaweza kwenda. Binti yetu ana watoto, na hao watoto wana madaftari ya shule na hawana wa kuwasikiliza wakilia njiani. Anataka kuonana nao akiwa bado anaweza kufunga shati.

Nikajikuta mimi ndiye nisiyetaka. Nilizunguka nyumba nzima kwa kisingizio cha kutafuta ufagio. Ukuta wa jikoni una alama za urefu wa watoto. Dirisha la jikoni ndilo nililokuwa nikisikilizia. Nimekaa dirishani hapo mpaka chai ikapoa, nikisikiliza barabara isiyo na kitu. Halafu nikampigia binti yetu mwenyewe, kwa hiari yangu, nikamwambia aje na gari lenye nafasi, maana sufuria zangu siziachi.

21 Mei

Hakuna mvua siku ya tatu. Tumefungasha.

24 Mei

Nesi amekuja kuchukua pikipiki, amevaa kofia ngumu mpya. Binti yetu amefika tangu jana na alikuwa barazani na baba yake. Bwana Mifugo aliomba akague kwa mara ya mwisho. Hakuniita mimi, alijivusha mguu kwa kuishika suruali na kuuburuta juu ya kiti, binti yetu akiwa amefunika mdomo kwa mikono. Kulia. Kushoto. Kushoto tena. Akashuka, akamkabidhi Nesi ufunguo, akamwambia mambo mawili: aangalie mafuta ya injini, na mvua ikinyesha asione aibu kusimama kando.

Nesi akapiga teke, akatupungia, akatoka getini. Alipofika barabarani akawasha kushoto, akatazama nyuma kama inavyotakiwa, akakata. Tulisimama getini sote watatu. Barabara hiyo imenyooka, na kwa vile mvua imesafisha hewa unaona mbali. Aliendelea kwenda, mdogo na mdogo zaidi, na indiketa ya kushoto bado inapepesa.

"Amesahau kuizima," binti yetu akasema. Alitaka kumpigia simu.

"Mwache," Bwana Mifugo akasema. "Atajua akifika."

Tukabaki tumesimama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka, mpaka ile taa ndogo ya manjano ikafika kwenye miti, ikapepesa, ikapepesa, tukawa hatuioni tena.